Mvua ya Kwao, Hofu ya Kwetu

Mimi ni mtoto wa Jangwani. Nimekulia pale bondeni, karibu na Kariakoo, si mbali na makao makuu ya Yanga. Kwa hiyo mtu akiniambia "twende tukatembee, mvua siyo tatizo," namwangalia mara mbili. Kwetu mvua ndiyo tatizo lenyewe.

Basi Oktoba 2019 mume wangu akaja na wazo. Tulikuwa tunaishi Manchester, Uingereza, na shule zilikuwa zinafunga wiki moja katikati ya muhula. "Mama watoto," akasema, "tukodi kijumba milimani, siku 4 tu. Watoto wamechoka kukaa ndani." Binti yetu alikuwa na miaka 6, mdogo wake wa kiume miaka 3.

Nikauliza wapi. Akasema bonde la Borrowdale, Lake District, kaskazini-magharibi mwa England. Usiku nikaingia kwenye intaneti. Nikakuta kijiji cha Seathwaite, kilicho ndani ya bonde hilohilo, ndicho sehemu yenye mvua nyingi kuliko zote England wanakoishi watu: zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Dar es Salaam inapata kama milimita 1,100, na hizo tu tunajua zinavyotutenda! Nikamwamsha. "Baba watoto, yaani kati ya sehemu zote umeona utupeleke bondeni?"

Akacheka. Yeye ni mtu wa Bukoba, ambako mvua ni kama jirani, haipiti muda bila kupiga hodi. "Mke wangu, bila mvua hakuna ndizi," akasema, akageuka akalala. Wanaume bwana!

Tukaenda. Kamusi zetu majira yale zinayaita vuli, na miezi kweli ni ileile. Lakini Pwani ukisema vuli watu wanafikiria mvua, na kule wanafikiria majani. Siku tuliyofika milima yote ilikuwa na rangi ya dhahabu na kahawia, majani yanadondoka taratibu, na saa 12 jioni giza likawa limeingia. Nikajisemea moyoni, labda nimekuwa mkorofi bure.

Usiku ikaanza kunyesha. Asubuhi bado inanyesha. Mume wangu akawavalisha watoto makoti ya mvua na mabuti ya mpira, wakatoka. Nilipowafuata nikamkuta mdogo amesimama katikati ya dimbwi, anarusha maji huku akicheka. Sijui nini kilinipata. Nikapiga kelele, "Toka kwenye maji! Toka sasa hivi!" Nikamvuta mkono mpaka akalia. Watu wakageuka.

"Baba," binti akauliza, "kwa nini mama anaichukia mvua?"

Mume wangu hakuwa na jibu. Ndani ya gari tukagombana kwa sauti ya chini, si unajua ile ya kugombana mbele ya watoto. "Unawaharibia watoto safari," akaniambia. Nikamjibu, "Na wewe unawafundisha kuchezea kifo." Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu mpaka jioni.

Saa 8 usiku nikajikuta nimesimama katikati ya chumba. Mvua inapiga paa, kijito cha nyuma ya nyumba kinanguruma. Nilikuwa nimeshapanga viatu juu ya meza, mabegi juu ya kabati, pasipoti nimezifunga kwenye mfuko wa plastiki. Nilikuwa nainama kumbeba mdogo aliposhtuka mume wangu.

"Unafanya nini?"

Ndipo nikamsimulia. Alijua kwamba kwetu tulikumbwa na mafuriko ya Desemba 2011. Kila mtu alijua. Ilikuwa siku chache tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, zaidi ya watu 40 walifariki Dar, maelfu wakakosa makazi, na wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Hayo aliyaona kwenye TV. Ambacho sikuwahi kumwambia, miaka yote ya ndoa, ni kwamba maji yalipofika kiunoni mama alinisukuma juu ya paa, akanirushia cheti changu cha chuo kwenye mfuko wa rambo. Kwamba tulishinda pale juu tukitazama magodoro na masufuria ya watu yanapita. Kwamba mama wa jirani aliyekuwa akituuzia vitumbua hatukumwona tena.

Nilitegemea aniambie "hapa ni Ulaya, lala." Hakusema. Akabandika maji ya chai. Kisha akachukua mabuti ya watoto yaliyobaki mlangoni, akayaweka juu ya meza pamoja na mengine. Nadhani sijawahi kumpenda kama usiku ule.

Asubuhi akamuuliza mama mwenye nyumba maji huwa yanafika wapi. Yule mama wala hakucheka. Alisema nyumba ipo kwenye mwinuko, haijawahi kuingia maji, akatuonyesha na njia ya kutokea. Akatukumbusha Desemba 2015, ilipoanguka milimita 341 kwa saa 24 pale Honister, jirani kabisa, rekodi ya Uingereza nzima. Mji wa Keswick ulifurika ingawa ulishajengewa kuta za kuzuia mafuriko. Kumbe na wao wanayajua!

Siku hiyo tulikwenda Keswick kwenye makumbusho ya penseli, maana risasi ya penseli ya kwanza ilichimbwa kwenye bonde lile. Nayo yalizama 2015, yakafunguliwa tena 2017. Watoto wakichora, nikamwambia binti, "Mama haichukii mvua. Zamani maji yaliwahi kutufukuza nyumbani."

"Na hapa yatatufukuza?"

"Hapana. Tumeuliza."

Akarudi kwenye mchoro wake. Tulipotoka nikakanyaga dimbwi kwa makusudi. Maji yakaingia kwenye kiatu, baridi kama barafu, na watoto wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kama na wewe uko ughaibuni na unapanga safari ya msimu huo na watoto wadogo, beba nguo za kubadilisha jozi mbili kwa kila mtoto, soksi za sufu na chupa ya chai. Kila siku tafuta kitu kimoja cha kufanya chini ya paa, na kutembea nje kusizidi saa moja. Na uliza maji huwa yanafika wapi. Siyo ushamba.

Lakini zaidi ya koti na mabuti, mweleze mwenzio unachokiogopa kabla hamjafungasha mabegi. Usipomwambia, ataona hasira tu, na watoto watairithi hofu bila kujua imetoka wapi.

Nyumba yetu Jangwani haipo tena. Wakazi wengi wa bondeni walilipwa fidia wakahama kupisha mradi wa Bonde la Msimbazi. Mvua ikinyesha usiku, mpaka leo naamka. Tofauti ni kwamba sasa siamki peke yangu.

Wewe je, mwenzio anajua kinachokuamsha usiku?