Sura ya Mwalimu na Masikio ya Mickey

Disney na Universal ni mahasimu wa biashara mjini Orlando, Florida, lakini Universal bado huilipa Disney. Mwaka 1994 Universal ilipata haki ya kuwatumia mashujaa wa Marvel katika bustani yake ya burudani. Mwaka 2009 Disney ikainunua Marvel, na mkataba ule haukufa. Mtanzania anayeishi huko akimpeleka mwanawe kwenye eneo la Spider-Man, anakanyaga ndani ya mkataba huo bila kujua.

Biashara hii ya leseni ni ya zamani. Mwaka 1932 Walt Disney alimpa Kay Kamen kazi ya kuuza leseni, na mwaka uliofuata saa ya Mickey Mouse iliyotengenezwa na Ingersoll ikaingia madukani. Utaratibu haujabadilika sana. Mwenye mhusika si lazima atengeneze kikombe. Kiwanda hukitengeneza na kumlipa mrabaha, yaani asilimia ya mauzo, mara nyingi pamoja na kiasi cha chini kinacholipwa hata mzigo ukidoda. Kabla ya hapo sampuli hukaguliwa, na sikio likipinda hurudishwa. Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa 1983, si mali ya Disney kabisa: kampuni ya Kijapani, Oriental Land, ndiyo inayoimiliki, na hulipa mrabaha kwa tiketi, chakula na bidhaa.

Butiama, mkoani Mara, hakuna bembea za kasi. Kuna makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa 1999 chini ya Makumbusho ya Taifa, na kaburi lake Mwitongo. Sura yake imezagaa kwenye kanga na fulana nchi nzima, na kwa mazoea mchapaji haulizi mtu. Ni vizuri hivyo: nani angekubali kudaiwa mrabaha wa sura ya Baba wa Taifa kwa kila doti?

Maandishi yake ni kesi nyingine. Tafsiri yake ya *Mabepari wa Venisi*, iliyotoka 1969, inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Mwalimu alifariki Oktoba 1999. Hesabu inafika 2049. Kwa hiyo anayetaka kuchapa ukurasa mzima kwenye mfuko wa ukumbusho atafute mwenye haki kwanza.

Wasusi wa vikapu wa Mara ndio wenye cha kupoteza. Kikapu kikishapanda basi la Mwanza, hakuna kinachoonyesha kimetoka kwa nani. Tena asiyesajili anaweza kuwahiwa: Disney ilisajili maneno ya Kiswahili "Hakuna Matata" kwa ajili ya fulana, ikathibitishiwa Marekani mwaka 2003, na malalamiko makubwa yalikuja 2018, miaka kumi na mitano baadaye. Kikundi cha akina mama wa Butiama kinaweza kusajili jina na nembo yake kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA): ulinzi wa miaka 7 mwanzoni, kisha huhuishwa kila miaka 10. Hapo duka la watalii likitaka kuitumia nembo hiyo, kiwango cha mrabaha watakitaja wao.