Ndege wa Vichaka vya Amani

Nimekulia Amani, Usambara Mashariki, enzi ambazo iliki ndiyo iliyolipa ada ya shule na kununua nguo za sikukuu. Wazee wetu waliacha miti mikubwa itoe kivuli, wakafyeka kila kilichoota chini yake. Shamba safi lilikuwa heshima ya mkulima, na mimea inayotambaa ilihesabiwa kuwa uvivu. Barabarani malori yalishuka na magogo kuelekea Muheza.

Humo kwenye vichaka tulivyovifyeka ndimo anamoishi ndege mdogo wa kijivu, mwenye mdomo mrefu mwembamba, ambaye wataalamu humwita Artisornis moreaui. Hula wadudu, na mara nyingi utamsikia kabla hujamwona: sauti kali kama chuma kinachogongwa, dume na jike wakiitikiana ndani ya mitambaa, yaani mimea inayotambaa. Jina lake linamkumbuka Reginald Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani. Salimu Asmani alimsaidia Moreau kuwatafuta ndege msituni kwa ustadi mkubwa. Ndege huyo alielezwa kitaalamu mwaka 1931, kisha kwa miaka mingi aliripotiwa kwa nadra. Mbali na Usambara Mashariki, anajulikana Njesi tu, kaskazini mwa Msumbiji, mamia ya kilomita kutoka kwetu.

Miaka ilivyosonga, mambo yakageuka. Uvunaji wa magogo ulisimamishwa katika miaka ya 1980, na mwaka 1997 ikaanzishwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Wengi tulidhani miti ikibaki imesimama, ndege wote wamepona. Utafiti ukatufundisha jambo jingine: huyu hupenda pale mti ulipoanguka, mwanga ukaingia na mitambaa ikasukana, pamoja na kingo za msitu zinazopakana na chai na mashamba. Panga likipita ukingoni, linaondoa makazi yake hata kama hakuna mti mmoja uliokatwa.

Siku hizi nikienda nyumbani nawaona baadhi ya wakulima wakiacha kichaka kati ya shamba na msitu, na vijana wanaowaongoza wageni wanaitambua sauti ya ndege huyu wakiwa mbali. Ninafurahi sana, kwa kuwa msitu huohuo ndio unaoulisha mto Zigi, na mto Zigi ndio unaoinywesha Tanga.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wakulima, na wenye mashamba ya chai pia: mnapofika ukingo wa msitu, shusheni panga. Mitambaa ile ikiisha, ndege huyu hana pengine pa kwenda katika Tanzania nzima.