SAUTI YA CHUNGUNI NA HERUFI ZA MIDOMO

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi na midomo miwili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Msomaji, huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa chuo cha Qur'ani akiandika juu ya fani ya kusema bila ya kutikisa midomo, hata msikilizaji akadhani sauti inatoka kwa mwanasesere, sandukuni au chunguni. Wazungu wameipa jina la Kilatini lenye maana ya kusema kwa tumbo, kwa kuwa watu wa kale, na Wayunani miongoni mwao, walidhani kwamba ni pepo au roho ya maiti inayosema ndani ya tumbo la mtu. Lakini tumbo halisemi. Msemaji ni koo na ulimi, kama katika maneno yetu ya kila siku.

Mwaka 1772 padri mmoja wa Kifaransa, de La Chapelle, alitoa kitabu kizima juu ya jambo hili. Ndani yake amemtaja Saint-Gille, muuza duka wa karibu na Paris. Mtu huyu aliwakuta watawa wakimwomboleza mwenzao aliyefariki, na mara sauti ikasikika juu ya vichwa vyao ikilalamika hali ya marehemu na uchache wa dua zao. Watawa wakaanguka kifudifudi kwa hofu. Saint-Gille alipowaambia kwamba ni yeye aliyesema, ikawa taabu kuwasadikisha. Hebu zingatia, ndugu yangu: kuwadanganya kulichukua dakika chache, na kuwaondoa katika uwongo ndiko kulikokuwa kazi.

Wala kuchunguza hila za wadanganyifu si jambo geni kwetu Waislamu. Katika karne ya 13 Miladi, al-Jawbari wa Sham alitunga kitabu cha kufichua siri za matapeli wa zama zake, ili watu wajihadhari.

Nami lililonisukuma ni jambo la mtaani petu. Palikuwa na mjane ambaye mumewe alifia baharini, hata kaburi la kuzuru hana. Baada ya eda alipelekwa kwenye kilinge cha mganga mmoja. Ubani ukafukizwa, chungu kikafunikwa shuka jeusi, na ndani ya chungu ikatoka sauti ikasema kuwa ndiyo ya marehemu. Safari ya kwanza ilitaka mbuzi, ya pili fedha, ya tatu bangili zake za dhahabu. Tena sauti ile ilikuwa ikisema "nduzi" na "thedha", na waliohudhuria wakaambiana kwamba hiyo ndiyo lugha ya kuzimuni.

Maneno hayo mawili yalinikaa kichwani. Kijana mmoja niliyemsomesha, aliyerudi kutoka Uingereza, alikuwa na vitabu vya kufundishia fani hii, kimojawapo cha Robert Ganthony kilichotoka mwaka 1893. Nikamwomba anisomee na kunifasiria, nami nikakaa mbele ya kioo kila siku baada ya sala ya Alfajiri kwa muda wa miezi mitatu.

Vitabu vinasema: achia midomo kidogo, karibisha meno, na uache ulimi ufanye kazi peke yake ndani. Herufi kama t, n, k, l na s hupita bila taabu. Zenye kukaidi ni m, b, p, f, v na w, kwa kuwa hizo haziwezi kutoka bila ya mdomo. Hapo nilikutana na somo langu mwenyewe. Katika tajwidi, Imamu Ibn al-Jazari amehesabu makharij 17 za herufi, na za midomo ni mbili: moja ya fa, na moja ya ba, mim na waw. Basi herufi zile ninazowahimiza watoto wazikamilishe kwa midomo ndizo zinazomfedhehesha msema-chunguni. Vitabu humfundisha aziibie: b aiseme d, p aiseme t, na m aiseme n. Nayo f huwa th, na v huwa dh. Kwa hila hiyo mbuzi huwa nduzi, na fedha huwa thedha. Ile haikuwa lugha ya kuzimuni. Ilikuwa ni mtu aliyezuia midomo yake.

Ama umbali wa sauti, huo hupatikana kwa kuurudisha ulimi nyuma na kulibana koo, mfano wa mvumo wa nyuki aliyefungiwa chupani. Wajukuu zangu walimtafuta nyuki huyo darini siku nyingi! Yaliyobaki hukamilishwa na jicho. Sikio ni dhaifu katika kujua sauti imetoka wapi, na hulifuata jicho linakotazama. Katika sinema vipaza sauti huwa nyuma ya pazia au pembeni, lakini sote husikia maneno yakitoka kinywani mwa mchezaji.

Nilipotosheka nilikwenda nyumbani kwa yule mjane, mbele ya mama yake na kaka zake. Nikaweka chungu kitupu katikati, nikakiinamia kama anayesikiliza, na chungu kikasema: "Nataka dhahadu." Mama yake akasoma audhubillahi. Nikawaambia sasa wasitazame chungu, wanitazame mimi kooni. Nikasema tena, na safari hii kila mmoja alisikia sauti inatoka kwangu.

Yule mama alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, bangili zimekwenda, si kitu. Lakini leo umenifisha mume wangu mara ya pili."

Nikamwambia: "La, dada yangu. Mumeo amekufa mara moja tu, kwa siku aliyoandikiwa. Aliyesema chunguni hakuwa yeye hata siku moja. Yeye anangoja dua yako na sadaka yako, na hizo hazipiti chunguni." Akalia, nasi tukamsomea marehemu Fatiha.

Majini wapo, na Qur'ani imewataja. Lakini si kila sauti isiyoonekana mwenyewe ni ya jini. Na Samiri aliwatolea Bani Israili ndama mwenye sauti, wakamwabudu, hali ya kuwa hakuweza kuwajibu wala kuwafaa. Fani yenyewe, ikiwa ni mchezo wa mwanasesere mbele ya watoto wanaojua kuwa ni mchezo, siioni kuwa na dhambi. Dhambi ni kuifanya mtego wa mali ya wenye huzuni.

Basi enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu makharij ya herufi sawasawa, maana sikio lililozoea matamshi sahihi halighuriki upesi. Na mkiwa na jirani aliyefiwa, mwendeeni, mkae naye na mzungumze naye. Nyumba ikikosa sauti za walio hai, mwenyewe hutoka kwenda kuitafuta sauti ya chungu.

Wabillahi Tawfiq.