Picha Zinabaki Bujumbura

Nilipoingia kwenye kazi ya montaji, yaani kuhariri filamu, hapa Bujumbura, picha zilikuwa kitu cha kushika mkononi. Kaseti ya MiniDV ilibeba saa moja. Tuliiandika mgongoni mtaa, tarehe na mpigapicha, ikaingia kabatini. Kuihamishia kwenye kompyuta kulikula saa nzima, maana mashine iliisoma kwa mwendo uleule wa kuitazama, na saa hiyo ilijaza gigabaiti 13 hivi. Tulinung'unika sana. Lakini tukiwa tunangoja tulikuwa tunatazama, na ulipoanza kukata ulishajua bibi wa mtaa wa Buyenzi alisema nini na katika kaseti ipi. Diski ikifa, kaseti ipo.

Kisha zikaja kamera za kadi za kumbukumbu. Burundi Film Center ilikuwa imeanza kuwafundisha vijana mwaka 2007, tamasha la filamu la FESTICAB likafuata 2009, na nchi ambayo filamu yake ndefu ya kwanza, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ilitoka 1992, ikajikuta na vijana wengi wenye kamera. Picha zilipendeza kuliko zetu za kaseti. Ila kadi ilikuwa ghali, kwa hiyo jioni inamwagwa kwenye diski, inafutwa, na asubuhi inarudi kazini. Hapo ndipo tulipopoteza kabati letu bila kulifanyia matanga.

Kamera ya Canon 5D Mark II ilisimama yenyewe faili lilipofika gigabaiti 4, yaani kama dakika 12, hata mzee akiwa katikati ya sentensi. Na majina! Kamera mbili zikiwa kazini, kila moja ina MVI_0001 yake: huku harusi ya mtaa wa Kamenge, huku wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, kila mwenye kamera alikimbilia huko. Picha zilizokuwa kwenye folda iliyoanza na 20130127 zilipatikana mara moja baadaye. Nyingine ziliitwa "moto", "moto2", "moto mwisho kabisa", na sidhani kama wenyewe wanajua ziko wapi. Tangu hapo, timu nyingi nilizofanya nazo kazi zilishika utaratibu mmoja: mtu mmoja tu ndiye mwenye dhamana ya kadi, na haifuti mpaka diski mbili ziwe na nakala na ukubwa wake ulingane. Mara nyingi dhamana hiyo ilipewa kijana mdogo kuliko wote, aliyebeba pia miguu ya kamera. Kwangu alistahili jina lake kwenye filamu kabla ya watu wengi.

Baada ya jaribio la mapinduzi la Mei 2015, redio binafsi zilishambuliwa na wenzetu wengi wa habari na filamu wakaondoka: Kigali, Nairobi, Brussels. Kuhariri kwa mbali hakukuja kwetu kama starehe ya teknolojia. Meza moja haikuwepo tena. Tulituma diski kwa mabasi ya Kigali na kwa mikono ya wasafiri, lakini basi hufuata mpaka, na mpaka wa Rwanda ulifungwa tena Januari 2024.

Intaneti nayo ina hesabu yake. Saa moja ya picha za 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 45. Ukiwa na megabiti moja ya kupandishia, hizo ni saa 100 mfululizo, umeme usipokatika. Tukaacha kuzituma. Picha nzito zinabaki Bujumbura kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti. Kinachosafiri ni nakala nyepesi, megabiti 2 kwa sekunde, zinazopanda usiku kucha. Mwenzetu wa Brussels anakata kwa hizo, anarudisha faili la mradi, ambalo ni dogo kiasi cha kupita kwenye WhatsApp, kwa sababu halibebi picha. Linakumbuka tu jina la kila faili la picha na mahali lilipo. Nikilifungua hapa, linazikuta picha nzito zenye majina yaleyale. Jina likibadilishwa herufi moja, skrini inakuwa nyekundu tupu. (Kipande cha kumwonyesha mtayarishaji nakituma kama hati, si kama video, la sivyo WhatsApp inakikamua na mimi naulizwa kwa nini kamera yetu ni mbovu.)

Kazi kubwa ikabaki kwenye maneno. Mhariri mgeni aliyeletwa na washirika wa Ulaya hajui Kirundi wala Kiswahili cha Buyenzi, naye anaweza kumkata bibi kabla hajafika kwenye kicheko chake. Kwa hiyo kila nakala nyepesi huenda na maandishi ya mazungumzo yote, saa na dakika pembeni, pamoja na tafsiri ya Kifaransa. Kuyaandika huchukua muda mrefu kuliko kupiga picha zenyewe. Starlink ilipowashwa nchini Septemba 2024, mtayarishaji mmoja aliniuliza kama sasa bajeti ya uhamishaji inaweza kupunguzwa. Nilimjibu kwamba ya intaneti ndiyo, ila fedha hizo aziongeze kwa anayeandika maneno.