Kwa Bakari, Kuhusu Miwani ya Baharini

Mpwa wangu Bakari,

Mama yako amenieleza kwamba msimu huu utapanda boti za Kilindoni, kisiwani Mafia, na kazi utakayoanza nayo ni kusimama omoni kuwatafutia watalii papa potwe. Alhamdulillahi, ni kazi ya heshima. Akaniambia pia kwamba umeshaiwekea jicho miwani ya jua fulani sokoni, nyeusi tititi, kwa hoja kwamba jua la Mafia ni kali na kioo cheusi zaidi ndicho kinachokinga zaidi. Hoja hiyo si ya kijinga, watu wengi wanaishika. Hata hivyo naomba usitoe pesa kabla hujaisoma barua hii, kwa sababu weusi wa kioo ni jambo la mwisho la kutazama. Yanayotangulia ni mawili: kioo kinazuia nini kati ya vile usivyoviona, na kinafanya nini na mmeto ulio juu ya maji.

Tuanze na usivyoviona. Jua hutoa mwanga tunaouona na miale mingine tusiyoiona, ya urujuanimno, ambayo kwenye vibandiko vya miwani huandikwa UV. Jicho halina njia ya kuihisi. Kioo kinaweza kuwa na giza la kutosha kukufanya ujikwae na bado kikaipitisha, na kingine kikawa hakina rangi hata kidogo na kikaizuia. Hapo ndipo weusi unapogeuka hasara. Mbele ya mwanga mkali mboni hujibana na kope hukunjamana, na hiyo ndiyo kinga tuliyoumbwa nayo. Ukiliwekea jicho giza, mboni hupanuka na uso hulegea. Ikiwa giza hilo halizuii urujuanimno, umeifungulia miale njia uliyokuwa umeiziba mwenyewe bila kujua. Shirika la Afya Duniani linaihesabu miale hiyo miongoni mwa visababishi vya mtoto wa jicho. Inahusishwa pia na kile kinyama kinachoota pembeni mwa weupe wa jicho kikatambaa kuelekea mboni, ambacho hukosi kukiona kwa watu waliozeekea baharini. Sasa itazame Mafia kwenye ramani: iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari. Msimu wa potwe umekaa baina ya tarehe hizo. Kofia pana itakusaidia sana kwa miale ya juu, na usiiache nyumbani, lakini povu la bahari hurudisha karibu robo ya urujuanimno unaoliangukia, na mchanga mkavu wa ufukweni kiasi cha asilimia 15, nayo hukupata kutokea chini ya ukingo wa kofia. Kwa hiyo alama ya kwanza ya kuitafuta ni UV400, yaani kioo kinazuia miale mpaka urefu wa wimbi wa nanomita 400. Jambo hili si anasa: polikaboneti, plastiki inayotumika hata kwenye miwani ya bei ndogo, huizuia karibu yote kwa asili yake.

La pili ni polaraizi. Wanunuzi huichanganya na UV, na wauzaji hawana haraka ya kuwatenganishia, kumbe kioo kinaweza kuwa na moja kikakosa nyingine. Mwanga wa jua ni mawimbi yanayotikisika kila upande. Yakigonga maji yaliyotulia, yale yanayotikisika kwa ulalo, sambamba na uso wa maji, ndiyo yanayorudi kwa wingi. Yanayotikisika kwa wima mengi yake huingia majini. Mfaransa Étienne-Louis Malus ndiye aliyegundua mwaka 1808 kwamba mwanga ukirudishwa na kioo au maji hubadilika tabia hivyo, na mwaka 1815 David Brewster wa Uskoti akaeleza ni katika pembe gani mwanga unaorudi huwa wa ulalo mtupu. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Land akapata njia ya kutengeneza utando mwembamba wa kuuchuja, na utando wa jamii hiyo ndio uliomo ndani ya kioo cha polaraizi. Ufikirie kama ua wa fito zilizosimama: kamba ukiitikisa juu na chini itapita kati ya fito, ukiitikisa kushoto na kulia itagonga. Kioo cheusi cha kawaida hupunguza kila kitu kwa uwiano mmoja, mmeto pamoja na kilicho chini ya mmeto, hivyo kama mng'ao ulikuwa umeufunika mgongo wa potwe, utaendelea kuufunika, ila sasa gizani. Polaraizi hukata mng'ao na kuuacha mwanga unaotoka ndani ya maji ukufikie. Kwa mtu anayepumzika ufukweni tofauti hiyo ni ya starehe tu, na singemhimiza aongeze hata senti. Kwako wewe ndiyo kazi yenyewe.

Lakini usitegemee miujiza. Kwa maji, pembe aliyoieleza Brewster ni nyuzi 53 kutoka wima, maana yake unatazama nyuzi 37 chini ya upeo. Ukisimama omoni macho yako yakiwa mita 3 juu ya maji, mahali hapo pako mita 4 mbele yako. Hapo mmeto hukatika karibu wote, na potwe anayepita chini kidogo ya uso wa maji utamwona mpaka madoa yake meupe. Tupa jicho mita 17 mbele: hata maji yakiwa shwari, hesabu inaonyesha karibu theluthi ya mwanga unaorudi bado itapita. Kadiri unavyotazama mbali, ndivyo polaraizi inavyokaribia kuwa kioo cheusi tu. Kwa hiyo kimo ni mali. Ukipanda juu ya paa la boti, eneo unaloweza kuliona hadi ndani linapanuka. Saa nazo zina neno. Karibu saa mbili na nusu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, jua linapokuwa kwenye nyuzi 37 hivi juu ya upeo, hata ule mng'ao mkali ulio upande wa jua lenyewe hukatika vizuri. Jua likikaribia kuchwa, mwanga huteleza juu ya maji kwa ulalo mno na miwani haitakusaidia sana. Na kwa kuwa fito za ule ua zimesimama, ukiinamisha kichwa begani umezilaza, na mmeto unarudi.

Wenzio watakwambia wazee walivua na kuabiri miaka yote bila miwani. Ni kweli, na ujuzi wao usiudharau. Waliliweka jua mgongoni, wakampandisha mtu mlingotini, wakalijua fungu kwa rangi ya maji na mwamba kwa jinsi wimbi linavyokatika. Mbinu hizo miwani haibatilishi hata moja. Jua likiwa usoni, mwombe nahodha ageuze boti kwanza ndipo ulaumu kioo. Ila kuweza kwao si ushahidi kwamba hawakulipa. Waliopofuka kidogo kidogo uzeeni hawakuwa na namna ya kujua ni sehemu gani ya upofu wao ililetwa na umri na ipi ililetwa na jua, na sisi hatuwezi kuutumia ukimya huo kama hoja. Tena kazi imebadilika. Mvuvi hutazama, akatega, akasubiri. Wewe utayakodolea maji saa nzima nzima, huku nyuma yako kuna watu waliovaa mapezi wanaongoja neno lako ili waruke, na propela inayozunguka. Ukichelewa kumwona mnyama aliye ubavuni, hasara inaweza kuwa jeraha, lake au la mtu.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi, nalo hutoka kwa mabaharia wenyewe: kwamba polaraizi hufuta alama ambazo baharia anazihitaji. Pumzi ya upepo inayokuja huonekana kwanza kwa mng'ao wa viwimbi, na potwe anayekula juu ya maji hujulisha kwa mchirizi unaometa kabla mwili wake haujaonekana. Ukikata mng'ao wote, unakata na habari hizo. Nalikubali hili bila kigugumizi, na dawa yake ni mazoea: kwa mbali tafuta mchirizi na pezi, ukiipandisha miwani kwenye paji la uso kidogo au kuinamisha kichwa ili mmeto urudi, kwa karibu ishushe utazame ndani. Skrini nazo zina utata wake. Nyingi, za simu na za vifaa vya kuonyesha njia baharini, zina utando wa polaraizi ndani yake, hivyo ukizitazama kwa pembe fulani huwa nyeusi kana kwamba zimezimika. Jaribu miwani mbele ya skrini ya nahodha boti ikiwa bado imefungwa, ujue mapema uinamishe kichwa upande gani. Anayeshika usukani huku akitegemea skrini ana sababu nzuri ya kusita kuvaa polaraizi. Wewe uliye omoni huna.

Ugumu huohuo wa skrini ndio utakaokusaidia dukani, maana neno lililoandikwa kwenye kibandiko halithibitishi kitu. Omba kikokotoo cha muuzaji, kile anachopigia hesabu, ukiwashe, ukitazame kupitia kioo kimoja cha miwani huku ukiizungusha taratibu mpaka nusu ya duara. Kioo cha polaraizi kitafika mahali skrini ikawa nyeusi na tarakimu zikapotea. Cha kawaida hakitabadilika hata ukikizungusha mchana kutwa. Fanya hivyo kwa kioo cha pili. Vyote viwili vifike gizani katika pembe ileile. Kimoja kikitangulia, kimekatwa vibaya, na macho yako yatakuwa yakipokea picha mbili zisizolingana mpaka kichwa kiume. Kisha ivae, utazame mng'ao wa juu ya kaunta au boneti ya gari lililoegeshwa nje: ukisimama wima upungue, ukiinamisha kichwa urudi. UV huwezi kuipima kwa macho. Duka la miwani lenye kipimo chake litakupimia kwa dakika moja. Ukikosa, taa ya kukagulia noti inatoa fununu: weka kioo kati ya taa na noti, si kati ya noti na jicho lako, uone kama alama zinazong'aa zitazimika. Hiyo ni fununu tu, usiichukue kuwa cheti. Na pesa zikikubana kiasi cha kuchagua moja, chagua UV uiache polaraizi mpaka mshahara wa pili. Kumwona potwe mapema utajifunza. Kioo cha jicho kikishatiwa ukungu, dawa yake ni upasuaji.

Sasa ndipo tuufikie weusi. Miwani ya jua hupangwa kwa makundi kuanzia 0 hadi 4 kufuatana na mwanga unaopita. Kundi la 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18, nalo linatosha kwa bahari yetu. Kundi la 4, asilimia 3 hadi 8, limekusudiwa theluji ya milimani na mahali kama hapo, na halifai kuendeshea chombo barabarani. Ukiisahau miwani hiyo usoni ukapanda bodaboda kurudi nyumbani utakuwa umejitakia. Hata ndani ya boti, wingu likipita au ukiingia chini ya turubai, utapapasa. Kwa rangi, kijivu huziacha rangi za vitu kama zilivyo na kinafaa maji mengi ya buluu. Maji ya upande wa Kilindoni, ambako potwe hufuata vijidudu na uduvi, aghalabu yana ukijani, na hapo mimi ningechukua kahawia, kwa kuwa hupunguza buluu na kulitenga umbo jeusi na maji yanayolizunguka. Vioo vya kung'aa kama kioo cha kujitazamia huchuja mwanga kidogo zaidi, ila ile ngozi yao ya juu huchubuka upesi kwa chumvi. Waachie wanaopiga picha. Fremu iwe yenye kukumbatia uso, maana mwanga wa pembeni hauombi ruhusa. Kioo halisi, kisicho cha plastiki, hakichubuki ovyo lakini ni kizito na huvunjika; polikaboneti huchubuka lakini haikuvunjikii jichoni boti inaporuka wimbi, na mimi naichagua hiyo. Suuza kwa maji baridi kabla ya kufuta, kwa sababu punje za chumvi chini ya kitambaa ndizo zinazokwaruza. Usiiache kwenye dashibodi juani, joto huubandua utando. Na uifunge kamba ya shingoni yenye boya dogo, maana miwani nyingi huzama.

Nunua Dar, kabla hujashuka Nyamisati kupanda kivuko, ili ukiikuta na kasoro uweze kuirudisha, risiti usiitupe. Mama yako akikuuliza kwa nini umelipa zaidi ya alichokupa, mwambie anipigie mimi. Nisalimie wote hapo nyumbani.

Wasalaam,
Mjomba wako, Tanga