KABLA YA KUCHOMA, ULIZA

 

Fungua Biblia yako katika Yoshua 22. Wareubeni, Wagadi na nusu ya Manase walirudi upande wao wa Yordani, wakajenga madhabahu kubwa kando ya mto. Ndugu zao wa ng'ambo waliposikia, walikusanyika Shilo tayari kwa vita. Lakini kabla ya upanga kuinuliwa, walimtuma Finehasi kuhani pamoja na viongozi 10 waende kwanza wakaulize. Wakajibiwa kwamba madhabahu ile haikuwa ya sadaka, ilikuwa ushahidi tu. Vita vikaisha kabla ya kuanza.

Mpendwa, ni nyumba ngapi zingepona kama mtu mmoja angevuka mto kwenda kuuliza?

Nakuambia haya kwa sababu ya familia moja iliyoniruhusu kusimulia, mradi nisitaje majina. Ndugu mmoja anakaa upande wa Ikutha, mwingine upande wa Kibwezi, na katikati yao kuna mto Athi. Baba yao alipolala, aliacha shamba, mbuzi wachache na saa ya mkono ya zamani ya Uswisi. Ni ile aina inayoitwa kronografu: uso wake una visaa vidogo viwili, na ubavuni ina vitufe viwili, kimoja cha kuanzisha na kusimamisha hesabu ya sekunde, kingine cha kuirudisha mwanzo.

Ukoo ulikuwa na hadithi yake. Babu yao alikuwa askari wa KAR, mmoja wa Wakamba wengi waliopelekwa Burma katika vita vya pili vya dunia. Ikasemwa kwamba saa ile ilivuliwa mkononi mwa maiti kule, na kwamba damu ya mtu yule inafuata uzao wao. Wazee wakaanza kuisema kwa sauti ya chini, kama wanavyoisema kithitu. Ng'ombe akifa, ni saa. Ndoa ikivunjika, ni saa. Kisha mjukuu wa miaka 7 akaanza kuanguka na kutetemeka mwili mzima, na ndugu wa Kibwezi akasema imetosha, ichomwe. Ndugu wa Ikutha akakataa, akaambiwa anapenda laana kuliko mtoto. Wakaacha kusalimiana.

Nikaombwa niende na mafuta na kiberiti.

Sikiliza vizuri, kwa maana mimi ni mtumishi ninayeamini ukombozi. Kumbukumbu la Torati 7:26 inakataza kuingiza chukizo nyumbani, na sitaliondoa andiko hilo. Katika Matendo 19, watu wa Efeso walichoma vitabu vyao vya uganga, na thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Lakini angalia: wale walichoma vitu vyao wenyewe, na walijua vilikuwa vya nini. Hawakuchoma tetesi. Kumbukumbu la Torati 13:14 inatuagiza kutafuta, kuchunguza na kuuliza sana kabla ya kuhukumu. Kwa hiyo niliwaambia: tutaomba leo, na kesho tutaipeleka saa kwa fundi.

Fundi wa saa mjini Kitui aliweka lenzi yake jichoni, akafungua mfuniko wa nyuma. Chini ya kile kigurudumu kinachocheza huku na huku palikuwa pamegongwa namba: 7733. Hiyo ni mashine ya Valjoux, kiwanda kilichopata jina lake kutoka Vallée de Joux, bonde la Uswisi karibu na mpaka wa Ufaransa. Kiwanda hicho kiliziuzia mashine kampuni nyingi za saa, na kila kampuni ikaandika jina lake usoni. Ukitaka kujua saa kama hiyo ilikotoka, usiishie kwenye jina la usoni. Fungua ndani. (Na wewe mwenye jina la wokovu usoni, neno hilo ni lako pia.)

Sasa sikia. Mashine ya 7733 ilianza kutengenezwa mwaka 1969. Vita vya Burma viliisha mwaka 1945. Usoni, chini ya namba 6, kulikuwa na herufi ndogo zinazoonyesha kwamba rangi yake ya kung'aa gizani ni ya tritiamu, iliyochukua nafasi ya radiamu miaka ya 1960. Saa ile haikuwa imezaliwa babu yao alipokuwa Burma! Na ndani ya mfuniko fundi mwingine wa zamani alikuwa amekwaruza alama yake na mwaka, 77, kama mafundi wa saa walivyozoea kufanya kila walipotengeneza.

Usishangae kwamba ukoo mzima uliamini kisichokuwepo. Hata wataalamu wa dunia yamewapata. Kwa karibu miaka 200 ilisemwa kwamba kronografu ya kwanza ni ya Nicolas Rieussec, aliyepima mashindano ya farasi mjini Paris mwaka 1821 kwa chombo kilichodondosha wino usoni mwa saa. Jina lenyewe ni maneno mawili ya Kigiriki, wakati na kuandika. Lakini mwaka 2012 iliuzwa mnadani Geneva saa ya Louis Moinet, na mihuri iliyogongwa kwenye chuma chake ikaonyesha ilianzwa 1815 na kumalizwa 1816. Vitabu vilisema hivi, chuma kikasema vile.

Basi kama haikutoka Burma, ilitoka wapi? Tulirudi nyumbani tukamuuliza mama yao. Ana zaidi ya miaka 80 na akili yake ni timamu. Kwa miaka yote ya ugomvi, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba yenu alikuwa fundi wa magari Nairobi. Karakana yao ilikuwa ikitengeneza magari ya Safari Rally. Tajiri wake alifilisika, akakosa mshahara wa miezi mitatu, akampa saa. Alifika hapa na saa, bila pesa ya mbegu. Aliona aibu. Akaniambia nisiseme."

Ndipo ile mistari ya kando ya uso wa saa ikaeleweka. Ni kipimo cha mwendo. Dereva akipita jiwe la kilomita, anabonyeza. Akifika la pili, anabonyeza tena. Kama ni sekunde 30, mkono unaonyesha 120, yaani kilomita 120 kwa saa. Ni chombo cha watu wa magari.

Mpendwa, haikuwa damu. Ilikuwa jasho. Jasho la baba aliyefanya kazi miezi mitatu na kuona aibu kuwaambia watoto wake kwamba hakulipwa. Aibu yake ilizaa ukimya, na katika ukimya huo watoto wakapanda hadithi ya mauti. Shetani hakuhitaji saa. Ukimya ulimtosha.

Na mtoto je? Kama tungechoma saa siku ile, tungeimba, tungecheza, tungerudi nyumbani, na mtoto angeendelea kuanguka. Badala yake tulimwombea, kisha wazazi wakampeleka hospitali. Sasa anameza dawa za kifafa kila siku, na anguko zimepungua sana. Bado tunaomba. Maombi na dawa havipigani.

Wale ndugu wameanza kupigiana simu. Sisemi yote yamekwisha, kwa sababu maneno waliyotupiana ni mazito. Lakini wa Kibwezi alivuka Athi mwezi uliopita, akakaa kwa mama siku mbili. Saa iko kwa mama. Yeye ndiye atakayeamua.

Wewe je? Ni kitu gani, au mtu gani, umeshamhukumu kwa hadithi uliyosikia? Bibi mliyemwita mchawi, ni nani kati yenu aliyekaa naye na kumuuliza? Na wewe mzazi, kuna aibu gani unayoificha ambayo watoto wako watakuja kuiita laana? Zungumza ungali hai.

Tuombe: Baba, tupe moyo wa Finehasi, wa kuvuka mto na kuuliza kabla ya kuinua upanga. Fungua vinywa vilivyofungwa na aibu. Ponya watoto wetu, patanisha ndugu. Katika jina la Yesu Kristo.

Andika AMINA, kisha kabla hujalala, mpigie simu mzee mmoja wa nyumbani kwenu umuulize jambo ambalo hujawahi kumuuliza. Mbarikiwe.