Kilo Moja ya Mwisho

Nilipokuwa mdogo, hapakuwa na mtu hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, aliyechanganya chakula cha kuku. Kuku walijichanganyia wenyewe. Mlango wa jikoni ulipofunguliwa asubuhi walitawanyika: huyu akaparua jaani, yule akafuata ng'ombe akiokota wadudu, mwingine akaingia kwenye mtama kabla hajafukuzwa. Sisi watoto tulishughulikia vifaranga. Jioni tulijaza chungu kikuukuu kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua, tukakifudikiza juu ya tundu la mchwa, na alfajiri tukakipindua mbele ya mama kuku. Wateso wa upande wa Tororo walifanya hivyo, na Wasamia wa upande wetu vilevile. Kuku wa namna hiyo alitaga mayai yake kumi na kitu, akaatamia, akapumzika. Mayai yalikuwa machache, lakini ganda lilikuwa gumu na kiini kimekolea rangi. Alijua mwenyewe wakati wa kutafuta jani na wakati wa kutafuta konokono.

Kuku wa gredi ndiye aliyeleta kazi hii ninayoisimulia. Mama aliwaleta katika miaka ya tisini, weupe, wamejaa katika maboksi yenye matundu, na akawajengea banda nyuma ya nyumba. Kuku wa aina hiyo hutaga karibu kila siku, naye amefungiwa, hana jaa wala kichuguu. Kila anachohitaji lazima kiwemo katika gramu 120 hivi anazokula kutwa. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu, na kwa kuwa tumbo halinyonyi yote iliyoliwa, inabidi apate karibu gramu 4 kila siku. Asipopata huichota katika mifupa yake, na mwisho wake hukaa chini asiweze kusimama.

Mwanzoni mama alinunua chakula cha kiwandani kwa magunia. Bei ilipopanda aliangalia kulia na kushoto, akaona kwamba karibu kila kitu kilichoandikwa kwenye lile gunia kilikuwa kinapita mbele ya mlango wetu. Mahindi na pumba zilivuka kutoka Uganda. Mashudu ya alizeti na ya pamba yalishuka kutoka kaskazini kupitia Tororo. Omena, wale wenzetu wa Uganda wanaowaita mukene, walitoka Sio Port na Port Victoria wakiwa wamekaushwa kwa jua. Kombe za konokono wa ziwani ziliuzwa kwa debe, na mawe ya chokaa ndiyo yaliyokifanya kiwanda cha saruji cha Tororo kijengwe pale katika miaka ya hamsini. Busia ya Uganda yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi 1997, na wafanyabiashara wa pande zote mbili walijuana kama watu wa kijiji kimoja. Magunia yalivushwa kwa baiskeli, na mengi yalivushwa na watu wenye ulemavu wa miguu kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Hao ndio walioulisha mpaka huu kwa miaka mingi, na sijaona wakishukuriwa vya kutosha.

Kwa hiyo viungo havikuwa shida. Shida ya kwanza ilikuwa kipimo. Sokoni karibu kila kitu kilipimwa kwa gorogoro, kile kikopo cha kilo mbili za mahindi, na wafugaji wakaandika kanuni zao kwa gorogoro: tano za hiki, moja ya kile. Lakini gorogoro ya pumba ni nyepesi mno, na gorogoro ya chokaa inakuvunja mkono. Omena nao walikuja na mchanga wa ufukweni; ukiwatia katika ndoo ya maji na kukoroga, mchanga unaonekana chini, na unaelewa ulichonunua. Mama alipopata mizani ya kuning'iniza, mapishi yote yalilazimika kuandikwa upya.

Kanuni aliyofikia mwishowe, nami naitumia hadi leo kwa kuku wanaotaga, ni hii kwa kilo 100: mahindi yaliyoparazwa kilo 50, pumba za mahindi 10, soya iliyokaangwa 12, mashudu ya alizeti 10, omena 8, kombe na chokaa isiyochomwa 9. Protini inafika karibu asilimia 17. Soya lazima ikaangwe, kwa sababu ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisisage protini. Omena wakizidi, yai linanuka samaki. Mashudu ya pamba tuliyaacha, kwa kuwa yana gosipoli, na yai likikaa ghalani siku chache kiini hugeuka rangi ya kijani chafu. Mteja wa Kisumu halirudii yai kama hilo.

Ukijumlisha utapata 99. Kilo moja iliyobaki ni vitu vidogo: chumvi gramu 300, premiksi ya vitamini na madini gramu 250, laisini 100, methionini 100, na gramu 250 za unga wa kunyonya sumu ya kuvu. Hiki cha mwisho kilizoeleka kwetu hasa baada ya Machi 2021, Kenya ilipopiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti siku chache baadaye. Malori yalipanga foleni, na hata mfugaji ambaye hakuwahi kulisikia neno hilo akaanza kunusa mahindi yake.

Shida ya pili ilikuwa kuchanganya. Fanya hesabu ya kuku mmoja. Katika gramu zake 120, fungu lake la premiksi ni gramu 0.3, yaani vumbi linalokaa kwenye ncha ya kijiko. Kilo 99 zinaweza kukosewa kidogo na kuku akaishi. Ile kilo moja isipoenea, yupo atakayekula fungu la wenzake na yupo atakayekosa kabisa, huku daftari likionyesha kwamba wote wamelishwa.

Desturi ya wakati ule ilikuwa kumwaga kila kitu chini, kunyunyiza premiksi juu kwa mkono kama mtu anayepanda mtama, kisha kuvuruga kwa sepetu hadi mikono ichoke. Matokeo yake yalionekana katika mabanda ya mji mzima. Katika banda moja ulikuta kuku wanang'aa na wengine wananyonyoka manyoya. Yai moja gumu, lililofuata lina ngozi tu. Vifaranga wa jirani walianza kutembelea visigino, vidole vimejikunja kama ngumi, na watu wakasema ni uchawi wa mke mwenza. Ulikuwa upungufu wa vitamini B2. Siku nyingine walikufa vifaranga waliokuwa upande mmoja tu wa banda, baada ya kunywa maji kupita kiasi: donge la chumvi ya mawe lilikuwa limeangukia kwenye kihori chao.

Aliyetutoa hapo hakuwa mtu wa mifugo. Alikuwa fundi mwashi, mwenyeji wa Tororo, aliyekuja kutujengea choo. Alimtazama mama akihangaika na sepetu, akaweka karai lake chini.

"Mama, hivyo unavuruga, huchanganyi. Niruhusu nikuonyeshe."

Akakusanya rundo likawa kama mlima. Akaanza kulihamisha lote kwenda upande wa pili, sepetu moja baada ya nyingine, kila mara akimwaga juu ya kilele kipya ili kishuke pande zote. Lilipokwisha akalirudisha lilikotoka, kisha akalihamisha tena.

"Saruji na mchanga tunageuza kavu mara tatu kabla ya maji. Ukiona mistari ya rangi, bado. Ukuta unaanguka palipokosa saruji, hata kama mfuko mzima uliumwaga."

Mama alimpikia kuku siku hiyo. Tangu hapo sakafu ya stoo yetu ikasakafiwa vizuri kuliko ya sebule, na kugeuza mara tatu kukawa sheria, na ya nne kwa chakula cha vifaranga.

Hatua ya pili aliileta afisa mifugo aliyekuwa akipita kwa wafugaji wa mpakani. Afisa huyo alituambia kwamba kugeuza pekee hakutoshi, kwa sababu gramu 250 haziwezi kuruka kutoka kwenye pakiti hadi kilo 100 kwa mkupuo mmoja. Zinapandishwa ngazi. Weka ile kilo ya vitu vidogo kwenye beseni, chumvi ikiwa imetwangwa ikawa laini. Tia kilo moja ya unga wa mahindi uliochekechwa, changanya kwa mikono hadi rangi iwe moja. Ongeza kilo mbili, changanya. Ongeza nne, kisha nane. Ukifika hapo una ndoo kubwa yenye chakula ambacho kila konzi yake ina kila kitu, na hicho ndicho unachotandaza juu ya rundo kubwa na kuanza kugeuza. Kazi inaongezeka labda kwa robo saa. Sijui robo saa nyingine ya kazi ya banda inayolipa kiasi hicho.

Baadaye niliposoma habari za Christiaan Eijkman nilimwona mama yangu katika kisa hicho. Daktari huyu Mholanzi alikuwa Batavia, ambayo sasa ni Jakarta, mwishoni mwa karne ya 19, akitafuta kiini cha ugonjwa wa beriberi. Kuku wa maabara yake wakaanza kupooza miguu, kisha wakapona bila dawa. Ikagundulika kwamba walikuwa wamelishwa mabaki ya wali mweupe wa hospitali ya jeshi, hadi mpishi mpya alipokataa kutoa wali wa jeshi kwa kuku wa kiraia, wakarudishiwa mchele usiokobolewa. Ganda lile la mchele lilikuwa na vitamini B1, na kazi hiyo ilimpa Eijkman Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Elimu ya vitamini, basi, ilianzia miguuni mwa kuku, na wanawake wa Busia waliokuwa wakikagua vidole vya vifaranga asubuhi walikuwa wakisoma ishara zilezile.

Mashine zilikuja taratibu. Kwanza mafundi wa jua kali walitengeneza pipa la lita 200 lililolazwa mshazari juu ya fremu, na mpini wa kuzungusha. Ni kifaa kizuri mradi lisijazwe kupita theluthi mbili. Likijaa, chakula kinazunguka na pipa bila kugeuka ndani yake. Kisha wenye vinu vya posho wakaweka mashine za kusimama zenye parafujo katikati, zinazonyanyua chakula kutoka chini na kukimwaga juu kwa robo saa hivi. Hapo wengi walidhani kazi imeisha. Lakini mashine hiyo nayo ina pembe ambazo chakula hulala, na mwenye haraka hutupa premiksi juu kabisa akafungua mlango mapema. Maabara hupima kwa chumvi: huchukua sampuli kumi kutoka sehemu mbalimbali, na lengo ni zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10. Mfugaji asiye na maabara huchukua konzi kutoka juu, katikati na chini, akazitandaza kwenye karatasi nyeupe juani, akatazama.

Hata ukishachanganya vizuri, barabara inaweza kuchambua tena. Gunia likifungwa nyuma ya pikipiki na kupita mashimo, chokaa nzito hushuka chini na pumba hupanda juu. Kwa hiyo nikifika nyumbani gunia nalimwaga lote na kuligeuza kabla ya kuchota. Vijiko vichache vya mafuta ya kupikia, vikisuguliwa kwanza kwenye unga kidogo, hulishika vumbi la premiksi likakaa kwenye chembe kubwa. Na kihori nakiacha kiishe kabisa mara moja kwa siku, kwani kuku hudonoa mahindi kwanza, na kile kivumbi cha chini anachokidharau ndicho ghali kuliko vyote.

Mazoea haya yalihamia hadi kwa mbwa wetu. Mbwa wa mpakani hulishwa ugali na vichwa vya omena, lakini wanaoishi karibu na machinjio hupata nyama tupu, na mtoto wa mbwa anayekua kwa nyama isiyo na mfupa miguu yake hupinda, kwa sababu nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu haba. Tunakausha maganda ya mayai, tunayasaga yakawa unga laini, na kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 2 za kalsiamu. Ukiunyunyiza juu ya vipande, mbwa atameza nyama na kuuacha unga sahanini. Unasuguliwa kwanza kwenye konzi ya nyama iliyosagwa, halafu konzi hiyo inakandwa katika nyama iliyobaki. Mapafu na maini yenye malengelenge ya tegu hayaguswi kabisa. Hayo tunayachoma moto.

Kuhusu viungo, mengi yamekuwa mepesi tangu kituo cha pamoja cha mpaka kilipozinduliwa Februari 2018, na mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa badala ya kutafuta njia za panya. Kinachoniuma bado ni jinsi premiksi inavyouzwa. Katika maduka mengi mfuko wa kilo kadhaa hukaa wazi kaunta, chini ya bati linalowaka, na hupimwa kwa kijiko kwenye kipande cha gazeti. Vitamini A haivumilii mwanga, joto wala unyevu, na mama mwenye kuku hamsini anaweza kupanda ngazi zote za beseni akieneza sawasawa kitu kilichokwisha kufa. Nimekuwa nikiwaomba wauzaji wafunge gramu 250 kwa kilo 100, katika pakiti isiyopitisha mwanga, tarehe ikiandikwa juu. Mwenye duka mmoja upande wa Uganda ameanza, na wateja wake wa Kenya sasa huagiza kabla mzigo haujafika.